Orodha ya Vitanda vya Colter

4 Agosti

Bellmouth wanahama. Nimesikia redioni nikiwa nakaanga mayai, na mayai yakaungua. Kuanzia mwakani timu yao ya mpira wa Kimarekani itatoka kwenye ligi yetu na kujiunga na ile ya mashariki, saa tano kwa ndege. Rais wa chuo chao amesema ni hatua ya kusonga mbele. Kusonga mbele kwenda wapi, hakusema.

Orrin alikuwa shambani, akasikia humo humo kwenye redio ya kombaini, mashine ya kuvunia. Aliporudi mchana alikula, akanawa, akasema ngano ya upande wa kijito imekauka vizuri, akatoka. Mume wangu akinyamaza hivyo ujue ameumia.

Jioni nimelitoa daftari la vitanda. Mwaka huu mechi ya Bellmouth ni zamu yetu kuwa wenyeji, tarehe 25 Novemba. Colter ina hoteli moja ya vyumba arobaini. Tangu treni ya watu wa Bellmouth ilipokwama kwenye theluji enzi za bibi yangu, wakija mechi wanalala majumbani mwetu, na sisi tukienda kwao pwani, ng'ambo ya milima, tunalala kwao. Mama aliandika daftari hili miaka thelathini, mimi huu ni mwaka wa ishirini na sita. Leo lina vitanda 412.

Desturi yenyewe haina mambo mengi. Mwezi wa nane mgeni ananiandikia kadi: Naomba kitanda, kama bado kipo. Mimi namjibu kwa niaba ya mwenyeji wake, neno moja tu: Kipo. Hata kama mmejuana miaka arobaini, lazima uombe na lazima ujibiwe. Naandika haya kana kwamba kuna mtu asiyeyajua. Huenda siku moja akawepo.

5 Agosti

Vyuo vingine viwili vimetangaza kuhama. Vumbi la mavuno kila mahali, hadi kwenye siagi.

11 Agosti

Ligi ya vyuo kumi, miaka mia na zaidi, imekwisha kwa wiki moja. Tumebaki sisi na chuo cha Wendling, kama viatu viwili vya mguu wa kushoto. Mkurugenzi wa michezo wa chuo chetu amesema tuwe na subira, simu zinapigwa. Kreutz, mwenye duka la vifaa na mwenyekiti wa kamati yetu ya wenyeji, amesema anayepiga simu ni sisi, na upande wa pili hakuna anayepokea.

21 Agosti

Kadi ya Arlene imefika, ya kwanza kuliko zote kama kawaida yake. Inga wa posta alinipungia nayo nikiwa bado mlangoni.

Arlene Morikawa ni mgeni wetu. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Bellmouth, na marehemu mumewe, Walt, alikuwa wa kwanza kunifundisha kula samaki wa kuokwa kwa moshi bila kumwonea kinyaa. Wamelala chumba chetu cha nyuma tangu mwaka niliozaa mtoto wa pili. Miaka miwili iliyopita Arlene alikuja peke yake, na Orrin alikaa naye nyuma ya gari kwenye maegesho ya uwanja, wakala mkate wangu na samaki wake, wakamtaja Walt kwa kumtukana, maana ndivyo Walt mwenyewe angetaka. Sapatu zake za buluu za kuvaa ndani ziko chini ya kabati la chumba kile. Kila akiondoka anaziacha. Husema mtu anayerudi hafungashi sapatu. Na mimi aproni yangu iko nyuma ya mlango wa jiko lake, kwa sababu hiyo hiyo.

Chini ya maneno ya desturi, safari hii ameongeza: "Wakubwa wetu wamefanya walichofanya. Mimi bado nakitaka kitanda changu."

Miaka yote nimemjibu siku ile ile. Leo nilichukua kalamu, Orrin akaingia, akaisoma kadi akiwa amesimama, akasema hakuna haraka. Nikaiweka kalamu.

2 Septemba

Mechi ya kwanza. Tumeshinda. Uwanja ulijaa rangi yetu ya kijani, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka, kisha wakarudi majumbani mapema kama watu waliotoka kanisani.

6 Septemba

Moshi wa misitu inayoungua milimani umeshuka mpaka kwetu. Jua limekuwa jekundu tangu asubuhi. Watu watatu wamenipigia wakitaka niyafute majina yao kwenye daftari. Vitanda 401.

12 Septemba

Wageni wa suti wamekuja, wanaume wanne kutoka ligi moja ya kusini, kutukagua kama tunafaa kuposwa. Mji mzima ulifagiliwa. Chuo kiliniomba niwaokee mikate, nikaoka kumi na miwili. Walitembezwa uwanjani, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wenye njia moja ya kurukia, wakaiangalia ile njia kwa muda mrefu. Mmoja, kijana mwenye meno mazuri, aliniuliza bonde letu lina nyumba ngapi zenye televisheni. Nilipomweleza Orrin alisema, "Ungemwambia awahesabu na ng'ombe, nao wanatazama."

Mikate yote kumi na miwili waliila. Nimejipa moyo kwa hilo, mtu mzima mimi.

19 Septemba

Ligi ya kusini imechukua chuo kingine. Vitanda 371.

23 Septemba

Bellmouth wamecheza leo na chuo cha mbali, nje ya ligi. Siku za namna hii zina desturi yake: huwa tunawashangilia. Mtu wa ligi yako akimpiga mtu wa nje, na wewe unapanda hadhi. Ndivyo nilivyofundishwa na baba. Jumamosi moja tu kwa mwaka Bellmouth ni adui, zilizobaki ni ndugu.

Orrin alifungua redio kwa mazoea. Bellmouth wakapata pointi, akapiga meza kwa furaha. Kisha akatambua anachofanya. Akaizima. Alisema, "Tumewashangilia mpaka wakawa wakubwa, na walipokuwa wakubwa wakaonekana na walio mbali." Akatoka kwenda kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kadi ya Arlene bado iko chini ya kikombe cha kalamu. Zimeshafika kadi 268 na sijajibu hata moja. Nawaambia watu nasubiri hali itulie.

29 Septemba

Baridi ya kwanza ya asubuhi. Vitanda 340. Televisheni ilimwonyesha rais wa chuo cha Bellmouth akiulizwa kuhusu mechi yetu ya kila mwaka, kama itaendelea. Alitabasamu. Alisema ni historia nzuri, lakini ratiba ni ratiba.

Niliiosha sahani moja mara mbili.

3 Oktoba

Mkutano wa wenyeji, ukumbi wa wakulima. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kreutz alieleza hoja: je, tuwafungulie milango mwaka huu au tusiwafungulie? Wakazungumza wengi, kila mmoja akianza kwa kusema yeye hana chuki na mtu. Mzee mmoja aliyepigana vita na kurudi bila mkono alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wakatazama sakafu.

Kisha Orrin akasimama. Katika miaka thelathini na nane ya ndoa sijawahi kumwona akisimama kwenye mkutano. Alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Mtu akihama nyumba," alisema, "harudi kuomba kitanda alichokiacha. Hawa wamehama. Basi wakalale huko walikohamia."

Akakaa. Makofi yakaanza nyuma na kuja mbele. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Waliotaka tufunge 118, waliokataa 41.

4 Oktoba

Jana kuna jambo sikuliandika. Mkono wangu ulikuwa juu.

Siwezi kusema nililazimishwa. Orrin alikuwa kando yangu, ni kweli, lakini hakunitazama. Niliuinua kwa sababu ya lile tabasamu la kwenye televisheni. Niliuinua kwa sababu ya mikate kumi na miwili. Kwa dakika moja ilinipendeza kuwa na kitu ambacho mimi pia naweza kumnyima mtu.

7 Oktoba

Tumefungwa. Mvua ya upande upande kipindi chote cha pili.

9 Oktoba

Nimeanza kuandika kadi. Neno moja tu, kama desturi inavyotaka. Hakipo. Kadi hamsini leo. Mkono unauma.

10 Oktoba

Hakipo, sabini.

11 Oktoba

Hakipo, sitini na tano. Wengine majina yao nayaandika kwa kuyajua kama ya watoto wangu. Kina Dufresne wanaolala kwa Inga. Yule daktari wa meno anayelala kwa Kreutz na kumtazama meno bure kila akija.

12 Oktoba

Asubuhi nimemaliza themanini na mbili, imebaki kadi moja tu, ya Arlene. Nimeiweka mbele yangu tangu saa sita mchana. Nilitaka niongeze sentensi mbili: kwamba ni uamuzi wa mji, kwamba moyo wangu si huo. Halafu nikafikiri, nikimwongezea huyu, wale 267 wengine wamenikosea nini? Mama alinifundisha daftari halina upendeleo. Ukianza kumpendelea mmoja, si daftari tena, ni umbeya.

Nimeandika Hakipo. Hata jina langu sikuweka, maana kwenye zingine sikuweka.

13 Oktoba

Nimezipeleka posta, sanduku zima. Inga alizipiga muhuri moja moja. Alipofika ya mwisho aliishika kidogo, akanitazama juu ya miwani. Aliuliza kama hata hii. Nikasema hata hii. Akaipiga muhuri taratibu kuliko zingine.

21 Oktoba

Tumefungwa tena. Kocha anasemekana anazungumza na chuo kingine. Simlaumu. Panya hukimbia meli inayozama, na huyu ana watoto wa kusomesha.

28 Oktoba

Ukungu.

30 Oktoba

Ukungu. Hakuna barua kutoka ng'ambo ya milima, hata ya matusi. Ningefurahi kupata matusi.

9 Novemba

Leo asubuhi, mezani, Orrin alikuwa anapaka siagi mkate, bila kuniangalia.

"Arlene anafika Alhamisi au Ijumaa? Nataka nirekebishe ile hita ya chumba cha nyuma."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza ana maana gani, Arlene kufika.

"Kwani haji?"

"Nilimwandikia hakipo, Orrin. Kama wote."

Aliweka kisu chini. "Mimi nilisema wao. Sikumsema Arlene."

"Arlene ni wao. Nani mwingine alikuwa anaomba kitanda nyumba hii?"

"Nilijua yeye utamwandikia kipo."

"Ulisimama mbele ya mji mzima."

"Nilisimama kwa ajili ya wale wengine," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejikata na hajaanza kusikia maumivu. "Wale wengine, Verna."

Akaenda chumba cha nyuma. Nilimsikia akifungua kabati. Alikaa humo muda mrefu na hita hakuigusa.

10 Novemba

Sikulala vizuri. Asubuhi nimekwenda posta, nikamuuliza Inga waziwazi: ulipoinua mkono ulidhani kina Dufresne watalala wapi? Akashika shavu. Alisema alidhani kina Dufresne watakuja tu, kama siku zote, wao si watu wa kuingizwa kwenye kura.

Nikavuka barabara mpaka dukani kwa Kreutz. Mwenyekiti mwenyewe, aliyehesabu mikono kwa kidole. Kule nyuma ya duka, bado likiwa kwenye nailoni, kulikuwa na godoro jipya. Alisema daktari wa meno alilalamikia mgongo safari iliyopita.

"Nimemjibu hakipo, Kreutz. Tangu mwezi uliopita."

"Wote?"

"Wote."

"Ungetuuliza kwanza," alisema.

"Mliinua mikono."

Nimezunguka nyumba kumi na moja leo. Nyumba tisa ni habari ile ile. Kila mtu alikuwa ameufunga mlango wa jirani na kuuacha wa kwake wazi, na wote walikuwa wanasubiri wageni wao huku wakiwa na hasira na wageni wa wenzao. Ukumbi mzima ule, mtu aliyetenda kama kura ilivyosema ni mimi peke yangu. Sasa wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyebuni jambo hili.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, alikuwa akisema mama. Lakini leo nimelia, garini, nje ya duka la Kreutz, na injini ikiwaka ili watu wadhani napasha gari moto.

11 Novemba

Nimempigia Arlene. Simu imeita mpaka ikapokelewa na ile sauti ya kurekodi, ambayo bado ni ya Walt. Walt anasema hawapo nyumbani, wamekwenda kuvua au kulala, acha ujumbe.

Nilisema, "Arlene, ni mimi, Verna. Kipo. Kitanda kipo."

Nikakata. Nikapiga tena, nikasema kipo. Mara ya tatu nilisikiliza sauti ya Walt tu.

12 Novemba

Kreutz na wenzake nao wamepiga simu kwa wageni wao. Wengi wameshapata pa kulala, au wameuza tiketi. Wamejibiwa kwa adabu.

17 Novemba

Kadi kutoka Bellmouth. Mwandiko wa mwalimu, kila herufi imesimama wima. "Asante kwa simu. Nimeshapata chumba Ritter. Nakutakieni heri. A. Morikawa."

Ritter ni maili hamsini kutoka hapa, hoteli ya madereva wa malori. Miaka yote hiyo hajawahi kujiandika A. Morikawa kwangu.

22 Novemba

Theluji. Orrin amerekebisha hita.

24 Novemba

Nimetandika kitanda cha chumba cha nyuma. Shuka za pamba, blanketi la bibi. Nimeoka mikate miwili. Sapatu nimezitoa chini ya kabati nikaziweka kando ya kitanda, vidole vikitazama nje, anavyopenda. Taa ya barazani inawaka. Orrin ameiona na hakusema umeme unapotea, na yeye ni mtu wa kusema umeme unapotea.

Barabara ya Ritter inafagiliwa theluji, wamesema redioni.

25 Novemba

Naandika nikiwa bado na koti.

Maegesho ya uwanja yalikuwa na nafasi ambazo sijawahi kuziona. Magari ya Bellmouth yaliegeshwa pamoja upande wa mashariki, yetu magharibi, na katikati theluji safi isiyokanyagwa. Zamani katikati pale ndipo penye meza. Watu wetu walikula mkate mkavu. Wao sijui walikula nini, hatukwenda kuona.

Mapumziko yalipofika nilichukua mkate mmoja, nikauzungushia taulo, nikavuka kwenda upande wa Bellmouth, wenye rangi yao ya damu ya mzee. Nilimpata safu ya ishirini, peke yake, blanketi magotini, na kiti cha Walt kando yake hakina mtu, maana bado anakilipia tiketi. Alinyanyuka aliponiona. Hapo ndipo nilipojua. Arlene hajawahi kuninyanyukia. Mtu humnyanyukia mgeni.

"Verna. Habari za siku nyingi."

Nikamwambia nimemtandikia. Nikamwambia hita imetengenezwa, mkate upo, taa nimeiacha inawaka. Nilisema yote kwa pamoja kama mtoto aliyevunja kitu.

"Umefanya vizuri sana," alisema. "Nimeshalipia kule."

"Arlene, lile neno niliandika kwa watu mia mbili sitini na nane."

"Najua. Ni haki. Daftari ni daftari." Hakuwa anakejeli. Ningeweza kustahimili kejeli. "Mimi niliisoma ile kadi mara nyingi, nikitafuta kama umeongeza kitu kwa nyuma. Huwa unaongeza. Hata kipicha cha kuku. Nikaigeuza, nikaigeuza. Halafu nikasema, basi, Arlene, ndiyo hivyo."

"Nilitaka kuongeza."

"Najua," alisema tena, akanishika mkono juu ya glovu. Kisha akainama chini ya kiti akatoa furushi la karatasi ya buluu, samaki wake wa moshi, akanipa. Nami nikampa mkate. Tulibadilishana namna hiyo, tumesimama, kama watu wa dukani. Bendi ikaanza kupiga na hatukuweza kusikilizana tena. Orrin alikuwa amenifuata mpaka chini ya ngazi. Alivua kofia kwenye theluji. Arlene alimpungia mkono, akakaa, akajifunika blanketi. Orrin hakupanda.

Tumeshinda, 17 kwa 16. Zikiwa zimebaki sekunde nne mpigaji wao aliupiga mpira ukagonga mlingoti na kurudi. Miaka mingine watu wangeingia uwanjani, wangeng'oa milingoti wakaitupa mtoni. Leo walisimama tu kwenye viti vyao, wengine wakiwa na mikono juu, wakitazamana, hakuna aliyejua ushindi huu tuupeleke wapi. Nilitazama upande wa pili. Safu ya ishirini walikuwa wameshaanza kutoka.

Taa ya barazani sijaizima. Orrin amekaa jikoni na furushi la samaki mbele yake, halijafunguliwa.

26 Novemba

Taa nimeizima.

4 Desemba

Ligi nyingine imetukataa kwa barua nzuri sana. Kocha ameondoka. Samaki bado hatujala, na hatujatupa.

11 Desemba

Ratiba za mwakani zimetoka. Jumamosi ya mwisho ya Novemba Bellmouth watacheza huko mashariki, na chuo ambacho sikujua kama kipo. Kwetu, mstari ule ule, wameandika: nafasi wazi. Kreutz ameibandika ratiba dirishani kwake. Godoro amelipunguza bei.

14 Desemba

Theluji mpaka madirishani. Inga ameniletea kifurushi mwenyewe, kwa miguu, badala ya kungoja niende. Alikiweka mezani, akakataa kahawa.

Ndani ni aproni yangu, ile ya nyuma ya mlango wa jiko la Arlene. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Hata lile doa la beri la mwaka ule Walt aliponifanya nicheke na bakuli mkononi, amelitoa. Sijui alitumia nini. Mimi nilishindwa.

Na kadi: "Mpendwa Verna, ukipata nafasi, naomba unitumie sapatu zangu. Sakafu ya huku ni baridi. Arlene."

Ameandika Arlene. Nimelitazama jina hilo nikitaka liwe na maana kubwa kuliko ilivyo.

15 Desemba

Orrin amesema tusizitume kwa posta, atampelekea kwa mkono, saa sita kwa gari, atagonga mlango na kusema mwenyewe alichosema ukumbini ili Arlene amjibu. Alivaa buti. Redio ikasema njia ya milimani imefungwa. Akakaa na buti zake.

17 Desemba

Njia imefunguliwa. Nimemwambia Orrin. Alisema kesho.

18 Desemba

Alisema labda baada ya sikukuu. Kisha, nikiwa nimempa mgongo, alisema, "Ningemwambia nini, Verna?" Hatukuzungumza tena habari ya kwenda.

20 Desemba

Nimezisugua sapatu, nimezijaza karatasi ili zisikunjike, nimezitia kwenye sanduku. Nilichukua kadi ya kuweka juu. Safari hii sikuwa na watu 267 wa kuwaonea haya, ningeweza kuandika hata kurasa kumi. Nilikaa mpaka kahawa ikapoa. Mwishoni nimechora kuku, basi. Mbaya, mguu mmoja mrefu.

Posta palikuwa na foleni ya sikukuu. Zamu yangu ilipofika Inga alisoma anwani, akalipima sanduku kwa mikono kabla ya kuliweka kwenye mizani. Anajua kilichomo, mji mzima unajua. Lakini kuna watu nyuma yangu, na kuna swali ambalo posta wanapaswa kumuuliza kila mtu, akaniuliza: kuna kitu chochote cha kuvunjika humu ndani?

Nikasema hakuna.